Rangi Iliyoitwa Hatali

Vijana wangu mnaoanza kazi ya kuunda skrini za simu na kompyuta, sogezeni viti niwaambie habari za rangi. Nimestaafu, ndiyo, lakini hadi leo nikiona kitufe kimepakwa rangi inayokifaa, moyo wangu unaruka. Mume wangu hunicheka. Tukiingia benki hapa Kitale, yeye hutazama foleni, mimi hunyoosha shingo kutazama skrini ya keshia mpaka askari wa mlangoni huanza kunishuku.

Kazi yangu ilikuwa vidude vya skrini: vitufe mnavyobonyeza, visanduku mnavyojaza, lebo zenye maandishi, vibao vya onyo. Kila kidude kinataka rangi, na rangi unaweza kuiambia kompyuta kwa njia mbili. Unaweza kuitaja kwa namba, yaani kiasi cha nyekundu, cha kijani na cha buluu unachotaka kichanganywe. Au unaweza kuiita kwa jina. Unaandika neno moja tu, "tomato", na kitufe kinakuwa chekundu kama nyanya iliyoiva vizuri. Siku ya kwanza nilipofanya hivyo niliinuka kwenye kiti. Ilikuwa kana kwamba nimemwita mtu nisiyemjua na akaitika!

Aliyenifundisha alikuwa Bwana Simiyu, mkuu wetu katika ofisi ndogo mjini Bungoma, karibu sana na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vya chai vilicheza mezani. Mzee huyo hakuwa mtu wa kukuhubiria. Alikuuliza swali, akakuacha ujikwae mwenyewe.

"Nyambura," aliniambia, "kuna rangi inaitwa gray, yaani kijivu, na kuna nyingine inaitwa darkgray. Gani imekolea zaidi?"

"Si ni hiyo ya pili, Bwana Simiyu? Jina lenyewe linasema ni ya giza."

"Haya, jaribu."

Tulikuwa tunaunda ukurasa wa wavuti. Nikapaka visanduku viwili, kimoja kando ya kingine. Hicho cha "giza" kikatoka cheupe kuliko mwenzake! Nilidhani nimekosea, nikaandika upya, na matokeo yakawa yale yale. Bwana Simiyu alikuwa amegeukia dirisha, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Sababu yake ni rahisi, na mkiielewa hamtaisahau. Majina yale hayakutungwa na mtu mmoja siku moja. Orodha moja ilitoka huku, nyingine ikatoka kule, kila moja na kijivu chake, kisha zikaunganishwa kama koo mbili zinazokutana kwenye harusi. Unakuta mjomba wa upande huu ni mdogo kuliko mpwa wa upande ule, na hakuna wa kuwabadilisha majina tena. Ndiyo maana "green" ya wavuti imeiva kama majani ya chai, lakini katika vifaa vingine vya zamani vya kuundia skrini neno hilo hilo lilikupa kijani kinachowaka kama nyasi mpya baada ya moto wa malisho. Usiliamini jina kwa sababu unalijua kwa Kiingereza. Lipake kwanza, ulitazame kwa macho yako.

Mnaona jinsi nilivyoipenda kazi hii? Lakini sijawaita kwa sababu ya kijivu. Nimewaita kwa sababu ya mbegu za Mama Kariuki.

Miaka michache kabla ya kustaafu nilikuwa nikifanyia kazi nyumbani Kitale. Mwenzangu Wekesa, mzaliwa wa Kabuchai, alibaki ofisini Bungoma. Tulikuwa tumefanya kazi pamoja kwa muda mrefu hivi kwamba tulijua kikohozi cha kila mmoja kwenye simu. Ndipo tukapata kazi tamu kuliko zote nilizowahi kushika. Kule Endebess kulikuwa na kikundi cha kina mama wanaokuza mbegu za mahindi. Kiongozi wao, Mama Kariuki, alikuwa mtoto wa watu waliohamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, kama wazazi wangu. Walikuwa na draya, yaani chumba cha kukaushia mahindi kinachopashwa joto kwa moto wa magunzi. Walitaka skrini ndogo ya ukutani iwaambie mahindi yamekauka kiasi gani, na iwaonye joto likizidi.

Hapa inabidi niwaeleze jambo la shambani. Mahindi ya kusaga yakipata joto kali, bado utakula ugali. Mbegu si hivyo. Mbegu iko hai. Ndani yake kuna kiini kilicholala, na joto likizidi kinakufa bila sauti. Punje inabaki ile ile, nzuri, inang'aa. Utajua imekufa siku utakapoipanda na shamba likanyamaza. Na mbegu ya kina mama hawa haikuuzwa katika duka lolote. Ilikuwa aina ya zamani, iliyotunzwa na mama zao kutoka mavuno hadi mavuno. Ikifa, imekwisha.

Nilipowapelekea skrini ya kwanza, nilikuwa nimepaka kijani kwa mahindi yaliyokauka. Si kijani ni "sawa, endelea" duniani kote? Mama Kariuki alisimama mbele ya skrini, mikono kiunoni.

"Sasa Nyambura, hii inasema mahindi yangu ni mabichi?"

"Hapana Mama, kijani maana yake ni sawa. Yamekauka."

"Kijani ni kukauka wapi? Mahindi ya kijani si ndiyo tunachoma tunakula? Wewe umezaliwa hapa Trans-Nzoia ama ulishushwa na ndege?"

Kina mama walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye gunia. Nilicheka nao, na nikafurahi mno, kwa sababu nilikuwa nimefunzwa kitu palepale. Rangi inaingia machoni mwa mtu na kukuta maisha yake yote yanaisubiri. Kwa mkulima, mahindi makavu ni rangi ya maganda makavu, hudhurungi ya kupauka. Nikaipaka hiyo, na hakuna aliyeuliza tena.

Jambo hilo likatufanya tubadilishe namna ya kuita rangi zetu. Tangu zamani tulikuwa tunaandika kwenye msimbo, yaani maagizo ya programu, majina ya sura: nyekundu, kijani, nyeupe. Shida ni kwamba sura hubadilika. Niliwahi kuona programu iliyokuwa na rangi inayoitwa "nyeupe", kisha wenyewe wakataka skrini iwe nyeusi watu wasiumie macho gizani. Wakabadilisha rangi, wakaacha jina. Kwa hiyo ndani ya msimbo ule, "nyeupe" ilikuwa nyeusi tititi! Kila mgeni aliyeingia kuufanyia kazi alitoka ameshika kichwa. Iteni rangi kwa kazi yake, vijana. Kijani kinaweza kugeuka hudhurungi kesho, lakini mahindi makavu yatabaki kuwa makavu.

Basi nikampigia Wekesa. Tuligawana hivi: yeye angeandika faili la majina, kila jina na rangi yake, nami ningeandika vidude vinavyoziita rangi hizo kwa majina.

"Ya mahindi yaliyokauka tuite kavu," nikasema.

"Kavu. Sawa."

"Yasiyokauka, mbichi."

"Mbichi."

"Na joto likizidi, kile kibao cha onyo, rangi yake tuite hatari."

"Hatali. Sawa Madam, nimeandika."

Wanaotoka upande wa Bungoma mmeanza kucheka, nawaona, maana mnajua ulimi wa huko unavyogeuza R kuwa L. Ndiyo. Lakini mimi nilikuwa nimemsikiliza Wekesa miaka mingi kiasi kwamba masikio yangu yalimtafsiri kabla sijamsikia. Aliposema vile, nilisikia "hatari", safi kabisa, kama kwenye taarifa ya habari.

Yeye akajaribu upande wake kwa majina aliyoandika mwenyewe. Nami nikajaribu wangu kwa kifaili changu kidogo cha majaribio. Kila upande ulipendeza. Tulipoviunganisha na kuweka skrini ukutani Endebess, "kavu" ilitokea, "mbichi" ikatokea, kina mama wakapiga makofi. Onyo la joto halikutokea kwa sababu moto siku ile ulikuwa mdogo, joto halikuzidi.

Kisha mwaka ule mvua ikakataa kukoma wakati wa kuvuna. Mahindi yakaanza kushika ukungu yangali shambani. Kina mama hawakuwa na la kufanya ila kuvuna mbegu yote, ile yote ya zamani, na kuijaza ndani ya draya kwa pamoja, na kuchochea moto kuliko kawaida.

Nilikuwa napepeta maharagwe uani simu ilipolia.

"Nyambura, skrini yako imeshuka."

"Imeanguka, Mama Kariuki?"

"Haijaanguka, iko ukutani. Vitufe ndivyo vimeshuka chini. Hapo juu pamebaki peupe tu. Asubuhi havikuwa hivyo."

Ungo ulinitoka mikononi. Nilikuwa nimekipanga kibao cha onyo hivi: kikihitajika kinajitokeza juu kabisa, na vidude vingine vinasogea chini kukipisha. Ikiwa vitufe vimeshuka, basi kibao kimetokea. Maandishi yake nilikuwa nimeyafanya meupe, yasomeke vizuri juu ya wekundu. Na yeye anaona peupe.

"Mama, toa moto! Toa magunzi yote, fungua milango!"

"Ati nini? Kwani skrini imesema..."

"Inapiga nduru na hatuioni! Toa moto sasa hivi!"

Hakuuliza tena. Nilimsikia akiita wenzake, kisha chuma kikigonga jiwe, kisha simu ikakatika. Nilipanda boda nikiwa na leso ile ile niliyojifunga kiunoni. Dereva aliponiuliza Endebess kuna nini, nilimwambia, "Kuna rangi imepotea," akakaza mwendo.

Nilikuta magunzi yakifuka moshi nje kwenye matope, milango wazi, kina mama wakipunga hewa kwa magunia na nyungo. Niliingiza mkono katika mahindi. Ya juu yalikuwa na uvuguvugu. Ya chini, karibu na tanuri, yalichoma kama kikombe cha chai kisicho na mkono. Mama Kariuki alinitazama usoni. Punje zilikuwa nzuri zote.

Nikampigia Wekesa, nikaweka simu kwenye spika.

"Wekesa, fungua faili la majina. Hatari ipo?"

"Iko Madam. Naiona hapa, nyekundu kabisa."

"Isome nilivyoiita."

"Hatali."

"Ndiyo, hatari. Nisomee herufi moja moja."

"H, A, T, A, L..."

"R ama L?"

"L."

"L ya Lona ama R ya Roda?"

"Ya Loda!"

Halafu nikasikia kiti chake kikisukumwa nyuma. "Aaai, Madam. Aaai. Naona. Wewe kwa kibao uliandika na ile ingine."

Ndivyo ilivyokuwa. Kibao changu kiliita "hatari". Faili lake lilikuwa na "hatali". Na kifaa tulichotumia kuundia skrini kilikuwa na adabu mbaya: kikiitwa jina kisilolijua, hakikulalamika. Kilichukua kimyakimya rangi ya skrini yenyewe, nyeupe, kikaendelea. Maandishi meupe, kibao cheupe, skrini nyeupe.

"Kwa hivyo," Mama Kariuki akasema karibu na simu, "mbegu ya mama yangu imepikwa kwa sababu ya L?"

"Ni R ndiyo haiko, Mama," Wekesa akajibu kwa unyonge. "L iko."

Mama mmoja nyuma yetu alishindwa kujizuia, akacheka, akaziba mdomo. Hata Mama Kariuki alitikisika kidogo. "Kijana, ukija hapa nitakufundisha hiyo R kwa mwiko."

"Nitakuja, Mama. Lakini Madam naye asinicheke. Hapa kwa mpaka wa kitufe cha saa ameandika mbuluu."

"Mbuluu?" Mama Kariuki akanigeukia.

Nami ni mtoto wa watu wa Nyeri, vijana. Ndimi zetu zina mambo yake, B hutoka na M mbele. Mpaka wa kile kitufe, nilichokitoa kwenye kazi ya zamani, haukuwahi kuonekana, na sote tulidhani ndiyo mtindo.

Alasiri ile nilimaliza kazi nikiwa nimekaa juu ya gunia, kompyuta magotini, Wekesa kwenye simu, na nawaambia sijawahi kufanya kazi kwa moto kama ule. Kwanza tulikubaliana kwamba jina la rangi litaandikwa kwa vidole mara moja tu, mahali pamoja. Kwingine kote hutaandika neno, utachagua kutoka pale, na ukichagua kisichokuwepo programu inakataa kuanza. Hakuna kutegemea sikio la mtu wala ulimi wa mtu.

La pili ndilo nilipendalo zaidi. Kwa zile sehemu za zamani ambazo bado ziliita rangi kwa maneno, tulisema: jina likikosekana, programu isichukue rangi ya kujificha. Ichukue rangi ya aibu! Ichukue waridi kali, lile la peremende linalobaki ulimini, ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angepaka kitufe.

"Tuliite aje?" Wekesa akauliza.

"Liite kelele."

"Kelele. Hiyo hata mimi siwezi kuhalibu."

Alipoliwasha ofisini kwenye programu zetu zote, nilimsikia akipiga yowe. "Madam! Sklini imetoka upele!" Kila kona kulikuwa na doa la waridi: mpaka mmoja hapa, lebo moja pale, vitu vilivyokuwa vimejificha kwa miaka na tukaviona ni vya kawaida. Tulivifuta kimoja kimoja, tukicheka kama watoto wanaookota kumbikumbi. Siku hizi vifaa vyenu vina akili zaidi, vinakupigia mstari chini ya kosa hata hujamaliza kuandika. Ni vizuri. Lakini bado naona vijana wanaandika "ikikosekana, tumia nyeupe" ili programu isionekane na doa. Msifanye hivyo. Kosa lenye waridi usoni utalirekebisha kabla ya chai. Lililovaa nyeupe litakaa na wewe mpaka limfikie mtu kama Mama Kariuki.

Lakini haya yote hayakufufua punje. Mama Kariuki alichukua mbegu za chini ya draya, za katikati na za juu, akazifunga kila fungu katika kitambaa chake kilicholowa, akaziweka jikoni penye joto la wastani. Hakuna njia nyingine ya kuiuliza mbegu. Mimi sikuwa na subira. Nilipiga simu kesho yake, nikapiga tena.

"Nyambura," akaniambia, "mbegu haipigiwi simu. Ikiamka nitakuita."

Alipoita, Wekesa alikuwa ameshatoka Bungoma bila kuambiwa. Nilimkuta jikoni kwa Mama Kariuki, kofia mkononi, amekaa kwenye kigoda kama mtu aliyeletwa kwa wakwe. Kina mama walisimama ukutani. Mmoja aliomba, maombi mafupi. Kisha Mama Kariuki akafungua kitambaa cha kwanza.

Mbegu za chini zilikuwa laini, zinanuka. Hakuna hata moja iliyoamka.

Akafungua za katikati. Hapa na pale punje ilikuwa imetoa mkia, lakini nyingi zilikuwa zimelala, na hazingeamka.

Alipofika kwenye kitambaa cha tatu mikono yake ilipunguza mwendo. Akakikunjua kona moja. Akakikunjua chote. Vijana, nilipiga ukelele kuku wakatawanyika uani! Mizizi kila mahali, imefumana kama uzi wa kufuma, mpaka punje zikabebana.

Lakini lilikuwa tabaka la juu tu, sehemu ndogo ya mavuno ya mwaka mzima. Wekesa alilitazama kisha akainamisha kichwa, na nikaona machozi yakimtiririka mpaka kidevuni.

"Itatosha nini, Mama?" akasema. "Hii ni kidogo sana."

Mama Kariuki aliichomoa punje moja taratibu isikatike mkia, akamwekea kiganjani.

"Mwana wa Kabuchai, hii moja ukiipanda inakupa nini?"

"Hindi zima lenye punje tele, Mama. Pengine mawili."

"Basi futa uso. Shamba bado halijalimwa."